Jukwaa, Uwanja na Nyasi Bandia: Lugha ya Mashabiki katika Mjadala wa Upanuzi wa Viwanja vya Soka, kwa Mtazamo kutoka Mitwero, Lindi

Ikisiri

Maoni ya mashabiki kuhusu namna viwanja vya soka vinavyopanuliwa na kukarabatiwa nchini Tanzania huchukuliwa kwa kawaida kuwa ni maneno ya wasio wataalamu. Makala haya yanafafanua msamiati wa mijadala hiyo na kuonesha kuwa umebeba vigezo vya tathmini vilivyojengeka katika sarufi na semantiki ya Kiswahili. Yakiichukua Mitwero, katika viunga vya Lindi, kuwa mahali pa kutazamia, makala yanachambua maneno uwanja, kiwanja, jukwaa, mzunguko na nyasi bandia, upatanisho wa ngeli za mahali, pamoja na utani wa jadi kama njia ya kujenga hoja. Hoja kuu ni kwamba lugha ya mashabiki humweka shabiki katika nafasi ya mshiriki wa tukio, ilhali lugha ya miradi humweka katika nafasi ya idadi inayohitaji viti. Tofauti hiyo ndiyo chimbuko la kutoelewana ambako mara nyingi hudhaniwa kuwa ni upungufu wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Tangu Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipozipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, habari za ujenzi wa viwanja zimekuwa sehemu ya mazungumzo ya kila siku katika Afrika Mashariki. Uwanja wa Amaan mjini Zanzibar, uliofunguliwa mwaka 1970, ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam umefanyiwa matengenezo kwa awamu, na uwanja mpya wa watazamaji 30,000 ulianza kujengwa Arusha mwaka 2024. Kila hatua ya kazi hizo imezaa mabishano: paa lifunike wapi, njia ya kukimbilia wanariadha ibaki au iondoke, nyasi ziwe za kuota au za kutandikwa, viti vya bei nafuu viwekwe upande gani.

Mabishano hayo huendeshwa kwa Kiswahili. Nyaraka za usanifu na za kandarasi, kwa upande mwingine, zimerithi istilahi zake kutoka Kiingereza. Ni rahisi basi kufikia hitimisho kwamba shabiki anabishana kwa sababu hana maneno ya kitaalamu ya kueleza anachokitaka. Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Maneno anayo, na yamesheheni maana. Tatizo ni kwamba maana hizo hazilingani na zile zinazotangulizwa na lugha ya miradi.

Data iliyotumika ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni maneno, majina na misemo inayofahamika hadharani katika soka la Tanzania. Aina ya pili ni sentensi zilizotungwa kwa ajili ya kudhihirisha kanuni za kisarufi. Sentensi hizo zimepewa namba ili zitofautishwe na misemo iliyozoeleka.

2.0 Viwanja Vinne Vinavyoonekana Kutoka Mitwero

Mitwero imechaguliwa kwa sababu haina uwanja mkubwa wowote wa kujivunia. Mtu anayekaa huko huvitazama viwanja vya nchi kwa mpangilio wa umbali, na mpangilio huo unasaidia kuona jinsi maana za maneno zinavyobadilika hatua kwa hatua.

Cha kwanza ni kiwanja cha mtaa, cha aina inayopatikana karibu katika kila kitongoji cha pwani: eneo wazi, magoli ya miti, mistari inayofutika kwa mvua. Cha pili ni Uwanja wa Ilulu, mjini Lindi. Cha tatu ni Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, katika mkoa huohuo, unaobeba jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu mwaka 2015. Cha nne ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000. Uwanja huu uko mbali zaidi ya kilomita 400, lakini kwa sababu ya redio na televisheni ndio unaojulikana zaidi kwa sura.

Umbali huo una uzito wake. Klabu ya Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi mwaka 2020, na katika msimu wa 2020/21 ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa kwa mkoa wa Lindi. Hata hivyo, mechi za kimataifa ambazo kwenye ratiba ziliitwa za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam. Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa mashabiki wa Lindi, neno nyumbani lilibaki katika ratiba huku kwao kukiwa kumehamishwa. Tangu hapo, swali la uwanja gani upanuliwe na kwa namna gani si la anasa kwa mkazi wa Mitwero. Ni swali la iwapo atauona mchezo wa timu yake kwa macho yake au kwa kioo cha kibanda umiza.

3.0 Uwanja na Kiwanja: Eneo Wazi Linapogeuka Jengo

3.1 Mzizi mmoja, mali mbili

Katika matumizi ya msingi, uwanja ni eneo lililo wazi, hasa lile lililo mbele au kando ya nyumba. Neno uga, ambalo vyombo vya habari vya Kenya hulipendelea kwa maana ya uwanja wa michezo, lina asili ya aina hiyohiyo: mahali peupe nje ya nyumba. Kwa hiyo lahaja zote mbili za soka, ya Tanzania na ya Kenya, zimeuita mjengo wa saruji na chuma kwa neno linalomaanisha mahali pasipojengwa.

Umoja na wingi wa neno hili umeongeza utata. Wingi wa uwanja unaotumika sana katika michezo ni viwanja, ilhali nyanja imeelekea zaidi kwenye maana ya maeneo ya maarifa, kama katika nyanja za elimu. Viwanja, hata hivyo, ni wingi pia wa kiwanja, na kiwanja kina maana mbili zinazogombea ardhi ileile: mahali pa kuchezea na kipande cha ardhi kilichopimwa kwa ajili ya kujenga nyumba. Katika viunga vya mji unaokua, ugombeaji huo si wa kisemantiki tu. Tazama sentensi zifuatazo:

(1) Kiwanja kimepimwa.
(2) Kiwanja kimekuwa viwanja.

Sentensi (1) inaweza kuwa habari njema kwa mnunuzi wa ardhi na habari mbaya kwa vijana wa mtaa. Sentensi (2) inaeleza kwa maneno matatu mchakato mzima wa kutoweka kwa mahali pa kuchezea: kimoja cha watu wote kimegawanywa kuwa vingi vya watu binafsi. Sentensi hiyo hutegemea utata wa kiwanja; ukiuondoa utata huo kwa kutumia istilahi mbili tofauti, unapoteza hoja yake.

Hapa ndipo inapoonekana sababu ya kwanza ya mashabiki kutilia shaka neno upanuzi. Katika semantiki ya uwanja, kupanua ni kuongeza uwazi. Katika lugha ya miradi, kupanua ni kuongeza jengo, na mara nyingi jengo hilo hula uwazi uliokuwa ukitumiwa na wachuuzi, watoto na waliokosa kiingilio. Neno ukarabati halina mgongano huo, kwa kuwa hukiri kuwa kilichopo kina thamani ya kurudishiwa. Uteuzi kati ya ukarabati, upanuzi na ujenzi mpya si wa mtindo. Kila neno lina dai lake kuhusu hali ya uwanja uliopo na haki ya waliouzoea.

3.2 Pale, kule na mle

Kiswahili kina ngeli tatu za mahali, na mfumo huo humpa mzungumzaji uwezo wa kueleza aina ya nafasi bila kutumia istilahi yoyote ya usanifu:

(3) a. Pale uwanjani pamejaa.
b. Kule uwanjani kumejaa.
c. Mle uwanjani mmejaa.

Sentensi (3a) hutaja mahali mahususi panapojulikana. (3b) hutaja eneo kwa ujumla au kwa umbali. (3c) hutaja undani, nafasi iliyozungukwa. Kwa kiwanja cha mtaa, (3a) na (3b) ni za kawaida, lakini (3c) ingesikika kuwa ngeni, kwa sababu hakuna ndani. Ni kweli kuwa upatanisho wa mu- hutumika kwa nadra zaidi kuliko wa pa- na ku- katika mazungumzo ya kila siku ya Tanzania. Hilo ndilo linaloufanya kuwa na thamani ya uchambuzi pale unapotokea: mzungumzaji ameamua kuutaja undani.

Mjadala wa njia ya kukimbilia wanariadha unaweza kusomwa kwa kigezo hiki. Uwanja wenye njia hiyo, kama wa Mkapa, huweka pengo kati ya mstari wa pembeni na safu ya kwanza ya watazamaji. Watetezi wa pengo hilo wana hoja nzito: riadha nayo ni mchezo wa taifa, na nchi haiwezi kujengea kila mchezo uwanja wake. Wapinzani hulalamika kuwa mpira unaonekana wa mbali. Kwa lugha ya ngeli za mahali, wapinzani wanadai uwanja wa mle wakati wamepewa uwanja wa kule: wamo ndani ya jengo lakini hawamo ndani ya mchezo. Malalamiko hayo hayahitaji kipimo cha mita ili yaeleweke, ingawa msanifu anaweza kuyageuza kuwa mita.

Kauli iliyovuma miongoni mwa mashabiki wa Simba, Kwa Mkapa hatoki mtu, hujenga undani huo kwa njia nyingine. Uwanja ulipewa jina la Rais mstaafu Benjamin Mkapa kufuatia kifo chake Julai 2020. Mashabiki hawakulichukua jina rasmi kwa ukamilifu wake, walilifanyia sarufi. Kihusishi kwa kikifuatiwa na jina la mtu hutaja makazi yake, kama katika kwa bibi au kwa mjomba. Jengo la umma likawa boma la mwenyeji, na mgeni akaonywa kuwa kutoka salama si haki yake. Kwa watu wa kusini, jina hilo lina ladha ya ziada. Mkapa alikuwa mzaliwa wa Lupaso, Masasi, na Lupaso ni jina jingine ambalo uwanja huo hupewa na mashabiki na watangazaji. Hivyo timu ya Lindi inapolazimika kucheza Dar es Salaam, inacheza mbali na kwao, katika nyumba iliyopewa jina la mtu wa upande wao.

4.0 Jukwaa: Nani Anamtazama Nani?

Neno lenye uzito mkubwa zaidi katika mijadala hii ni jukwaa. Maana yake ya msingi ni mahali palipoinuliwa ili msemaji au mwigizaji aonekane. Kwa msomaji wa tamthilia ya Kiswahili maana hiyo haina utata. Katika Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, mwandishi aliyezaliwa pwani hii ya kusini mwaka 1943, jukwaa ni mali ya wahusika, na hadhira iko upande wa pili. Katika soka, neno hilohilo hutaja mahali wanapokaa watazamaji. Wachezaji wako chini, uwanjani. Hadhira ndiyo iliyo jukwaani.

Mgeuko huu hauwezi kuchukuliwa kuwa ni bahati tu ya historia ya neno, kwa sababu sarufi ya matumizi inauunga mkono. Linganisha:

(4) a. Jukwaa limelipuka kwa shangwe.
b. Jukwaa limemtia hofu mwamuzi.
c. Viti vimejaa.
d. ?Viti vimemtia hofu mwamuzi.

Jukwaa hukubali vitenzi vya kutenda na kuathiri. Kwa metonimia, linasimama badala ya watu walio juu yake na kutenda kwa niaba yao. Viti, hata vikiwa na watu walewale, hupokea zaidi vitenzi vya hali: hujaa, hubaki vitupu, huvunjika. Sentensi (4d) haivunji kanuni ya sintaksia, lakini inasikika kana kwamba ni mzaha. Mashabiki wanapoitwa mchezaji wa kumi na mbili, wazo hilo tayari limo ndani ya jukwaa na halimo ndani ya kiti.

Kutokana na hilo, kauli mbili zinazoonekana kuwa sawa zina madai tofauti. Taarifa ya mradi husema uwanja utaongezewa viti, au uwezo wake utafikia watazamaji kadhaa. Shabiki husema uwanja uongezewe jukwaa. Taarifa inahesabu wanaopokea burudani. Shabiki anahesabu wanaoitoa. Mtu huyohuyo huitwa mtazamaji katika taarifa na shabiki katika mazungumzo yake mwenyewe, na maneno hayo mawili hayabadilishani nafasi kwa urahisi. Mtazamaji anaweza kuwa peke yake. Shabiki ni wa upande fulani na ana wenzake.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuifanya lugha ya hesabu ionekane baridi na isiyojali. Hesabu huokoa maisha. Tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano kwenye Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, umati ulipofika kuuaga mwili wa Rais John Magufuli. Nchini Uingereza, msiba wa Hillsborough wa mwaka 1989, uliogharimu maisha ya watu 97, ulizaa ripoti ya Jaji Taylor na uamuzi wa kuvifanya viwanja vya ngazi za juu kuwa vya viti vitupu. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa sehemu za kusimama zenye leseni kurudi katika viwanja hivyo, zikiwa na vizuizi vya usalama kwa kila safu. Historia hiyo inafundisha mambo mawili kwa pamoja. Madai ya mashabiki ya kusimama na kushiriki hayakufa hata baada ya miongo mitatu, na jibu lililopatikana halikuwa la kuchagua kati ya jukwaa na hesabu. Lilipatikana wasanifu walipokubali kuwa kusimama ni sehemu ya maana ya mahali, kisha wakaihesabu.

5.0 Mzunguko: Bei kama Jiometria

Katika matangazo ya viingilio vya mechi kubwa za Dar es Salaam, nafasi za bei ya chini huitwa mzunguko, ilhali za juu hupewa herufi: VIP A, VIP B, VIP C. Utaratibu huu wa majina unavutia. Wenye fedha hutajwa kwa cheo. Wasio nazo hutajwa kwa umbo. Mzunguko ni duara linalouzingira uwanja, na anayekaa humo hana anwani zaidi ya kuwa sehemu ya duara hilo.

Jina hilo linaweza kusomwa kama dharau. Linaweza pia kusomwa kama kumbukumbu. Katika kiwanja cha mtaa, watu wote huuzunguka mchezo, wakisimama ukingoni na kurudi nyuma hatua moja mpira unapotoka. Katika ngoma vilevile, waliozunguka si wa daraja la chini. Bila wao hakuna ngoma, na yeyote kati yao anaweza kuingia kati. Neno mzunguko limebeba mpangilio huo wa zamani hadi ndani ya jengo ambalo tayari lina kitovu na pembezoni, yaani jukwaa kuu na mengineyo.

Tofauti hii inaeleza ubishi unaojitokeza kila mradi unapotangaza kuongeza nafasi maalumu. Hoja ya kiuchumi iko wazi: kiti kimoja cha daraja la juu huingiza fedha za viti kadhaa vya mzunguko, na uwanja usioingiza fedha hauwezi kutunzwa. Hoja ya mashabiki ni ya umbo. Duara likikatwa kwa ajili ya nafasi maalumu, kinachopungua ni sauti, wala si viti tu. Na sauti ndiyo sababu ya jukwaa kuitwa jukwaa. Mkazi wa Mitwero anayetazama kwa televisheni analijua hili vizuri kuliko inavyodhaniwa. Kamera kuu huonesha jukwaa la upande wa pili, na kama upande huo ni wa viti vya bei kubwa visivyo na watu, anachokiona yeye kwa dakika tisini ni utupu.

6.0 Nyasi Bandia: Istilahi Inayohukumu

Viwanja kadhaa vya Tanzania, ukiwemo wa Azam huko Chamazi, Kaitaba wa Bukoba na Nyamagana wa Mwanza, vimewahi kutandikwa nyasi zisizoota. Kiswahili kimeziita nyasi bandia. Istilahi hii ni fupi na inaeleweka, na kwa vigezo hivyo imefaulu. Lakini bandia ni kivumishi chenye rafiki wabaya: fedha bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Katika mifano hiyo yote kuna udanganyifu, na mara nyingi kuna kosa la jinai.

Matokeo yake katika mjadala ni kwamba anayezitetea nyasi hizo huanza akiwa nyuma. Ana sababu za msingi: hazihitaji maji mengi, hustahimili mechi nyingi kwa wiki, na hazigeuki tope wakati wa masika. Lakini kabla ya kuzitaja sababu hizo, jina limeshatoa hukumu. Mpinzani wake naye hutegemea hukumu hiyo badala ya kueleza hoja zake zenye nguvu, kama vile joto la uso wa uwanja wakati wa jua kali na namna mpira unavyodunda. Tazama majibizano haya yaliyotungwa:

(5) a. Mjomba, zile nyasi bandia hazichakai upesi.
b. Mwanangu, cha bandia kinachakaaje na hakikuwa hai?

Jibu la (5b) linashinda kwa wepesi wa ulimi, na halijagusa suala la gharama wala la majeraha. Huu ni mfano wa istilahi kufanya kazi mbili: kutaja kitu na kukitathmini. Waundaji wa istilahi hawawezi kulizuia hilo kila mara, lakini wanaweza kulitambua. Istilahi isiyo na hukumu, kwa mfano nyasi za kutandika ikilinganishwa na nyasi za kuota, ingeuacha mjadala uamuliwe na hoja za udongo, maji na afya ya wachezaji.

7.0 Utani wa Jadi kama Njia ya Kujenga Hoja

Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na uteuzi wa neno hilo una maana. Utani katika jamii za Tanzania ni uhusiano wenye kanuni: mtani ana ruhusa ya kusema ambalo mwingine angelisema likawa tusi, na anayeambiwa halazimiki kukasirika bali kujibu. Fasihi ya Kiswahili inaufahamu vyema utaratibu wa namna hii. Malumbano ya washairi, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, yalidai kila upande ujibu kwa umbo na kwa maana, na asiyejibu alihesabiwa kushindwa.

Mijadala ya viwanja huendeshwa kwa kanuni hizo, na hapo ndipo msikilizaji wa nje anapoweza kudhani kuwa hakuna hoja. Mashabiki wa Yanga huitwa vyura na watani wao, na utani huo huhusishwa na bonde la Jangwani, yalipo makao ya klabu na uwanja wake wa Kaunda, ambalo hujaa maji ya Mto Msimbazi mvua zinapokuwa kubwa. Neno moja la dhihaka limebeba ripoti nzima: eneo liko bondeni, maji hayana pa kwenda, na ujenzi wowote hapo utalazimika kuanza na suala la maji. Mtani hakusoma ramani ya mafuriko, lakini hoja yake ndiyo ambayo mhandisi angeanza nayo.

Jina la Shamba la Bibi, linalotumika kwa Uwanja wa Uhuru, hufanya kazi kama hiyo. Katika Kiswahili cha Tanzania, shamba la bibi ni mali isiyo na mlinzi, ambayo kila apitaye hujichumia. Likitumiwa kwa uwanja, linaweza kuwa lawama kuhusu usimamizi na wakati huohuo likawa sifa ya ukarimu wa mahali palipopokea kila mtu. Uamuzi wa maana ipi inakusudiwa huachiwa muktadha, na wasikilizaji hawakosei mara nyingi.

Kwa mtazamo huu, utani una thamani ya kiuthibitisho. Hoja iliyodumu katika utani kwa miaka mingi imejaribiwa na wapinzani ambao wangefurahi kuikanusha. Udhaifu wake pia uko hapo: utani huhifadhi lawama vizuri kuliko pendekezo. Ni rahisi kumwita mtu chura. Ni vigumu kutania kuhusu mfereji unaofaa kuchimbwa.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kuwa msamiati wa mashabiki unaunda mfumo. Uwanja na kiwanja huhoji nani anapoteza uwazi pale jengo linapoongezeka. Ngeli za mahali hutofautisha kuwa karibu na mchezo na kuwa ndani yake. Jukwaa humfanya hadhira kuwa mtendaji, na mzunguko hudai kuwa watendaji hao ni duara moja. Nyasi bandia huonesha hatari ya mfumo huohuo, kwani jina linaweza kufunga mjadala kabla haujaanza. Utani huvibeba vyote hivi kwa namna inayowaruhusu wapinzani kuendelea kuzungumza.

Yapo mambo mawili ya kiutendaji yanayotokana na hayo. La kwanza linawahusu wanaistilahi: istilahi za usanifu wa viwanja zisiundwe kwa kutafsiri orodha tu, bali kwa kuanza na maneno yaliyopo na tathmini zilizomo ndani yake, ikiwa ni pamoja na kuzirekebisha pale zinapopotosha. La pili linawahusu wanaoandaa miradi. Swali la kiasi gani uwanja utachukua ni la lazima, na msiba wa Uwanja wa Uhuru unatosha kuwa ushahidi. Lakini likiulizwa peke yake, linawaacha mashabiki bila mahali pa kuingizia wanachokijua.

Mkazi wa Mitwero amekuwa akisikia kwa miaka kadhaa habari za viwanja vinavyopanuliwa mbali naye, huku akijua ni kwa urahisi gani kiwanja cha karibu kinaweza kuwa viwanja. Anapobishana kijiweni kuhusu paa la Dar es Salaam ambalo hajawahi kukaa chini yake, anachouliza ni kama katika mpango huo kuna mahali panapoweza kuitwa kwao. Kiswahili kimempa sarufi ya kuliuliza swali hilo kwa usahihi.